Misitu ya Makanisa ya Habasha: Vazi, Ukuta na Lango

Mtoto yeyote aliyepita madrasa, iwe ni Mombasa, Lamu au Malindi, analijua jina la Habasha. Amelisikia katika kisa cha Najashi, yule mfalme Mkristo aliyewapokea masahaba wa Mtume Muhammad (S.A.W.) walipokimbia mateso ya Makureshi mnamo mwaka 615. Mfalme huyo aliwapa amani katika nchi yake, na Makureshi walipomwendea na zawadi ili awarudishe wakimbizi wale, alikataa zawadi na akawaacha wageni wake wakae kwa salama. Kwa sababu hiyo Habasha imebaki katika nyoyo za Waislamu kuwa ni nchi ya majirani wema.

Leo twataka kuizungumza nchi hiyo kwa jambo jingine lisilotajwa sana huku kwetu, nalo ni miti. Katika milima ya kaskazini ya Ethiopia, ambako Ukristo umekaa tangu karne ya nne alipoukubali Mfalme Ezana wa Aksum, sehemu kubwa ya ardhi ni mashamba matupu na malisho yaliyoliwa hadi mizizi. Miti ya asili iliyobaki huko, aghalabu imebaki pahali pa namna moja tu: kuizunguka nyumba ya ibada.

Si serikali iliyoihifadhi miti hiyo, wala si wataalamu wa misitu. Waliohifadhi ni watu wa vijijini, wengi wao maskini, na mapadri wao ambao baadhi yao hulima kwa jembe la ng'ombe kama jirani zao. Nao hawakufanya hivyo kwa kuhimizwa na mikutano. Wamefanya hivyo kwa kuwa dini yao imewafundisha ya kwamba kanisa lisilo na miti ni kama mtu aliyesimama njiani bila nguo.

Siku hizi kila mimbari inahubiri juu ya kuyatunza mazingira, na maneno ni mazuri. Lakini swali ni moja: imani hufanya nini inapokutana na shoka, na ng'ombe mwenye njaa, na mama anayetafuta kuni za kumpikia mwanawe? Wakristo wa Habasha wamelijibu swali hilo nusu, na wamelijibu vizuri kuliko watu wengi duniani. Ile nusu iliyobaki ndiyo inayowasumbua leo, na kwa hakika inatusumbua na sisi.

VISIWA VYA KIJANI

Aliyepanda ndege kutoka Addis Ababa kwenda Bahir Dar, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Tana panapoanzia Mto Nile wa Buluu, ataona jambo hili kwa macho yake akitazama chini. Ataona mashamba ya tefu, ile nafaka ndogo wanayofanyia mkate wao wa injera, na mashamba ya shayiri na ngano, yote yamepangana vipande vipande mfano wa mkeka wa rangi ya udongo. Kisha hapa na pale ataona doa la kijani, la mviringo, limesimama peke yake kama kisiwa baharini. Katikati ya kila doa pana paa la mviringo linalometa kwa jua. Hilo ndilo kanisa.

Makanisa ya Kiorthodoksi nchini Ethiopia hutajwa kuwa yapata 35,000. Si yote yenye msitu, na si misitu yote iliyo mikubwa. Mtaalamu mmoja wa huko, Dakta Alemayehu Wassie, aliyesomea elimu ya misitu na kuandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, mwaka 2007, alichunguza misitu ya makanisa 28 katika jimbo la Gondar Kusini. Mdogo wao ulikuwa wa ekari nne hivi, na mkubwa wa ekari 250. Katika misitu hiyo 28 alihesabu aina 168 za miti, vichaka na mimea itambaayo yenye shina gumu, na karibu zote ni za asili ya nchi ile.

Hebu msomaji afikiri kidogo. Aina 168 katika viwanja vya makanisa 28 tu, na nje ya viwanja hivyo mtu aweza kutembea kutwa nzima asipate kivuli cha mti wa asili wa kupumzikia. Kwa aina nyingi za miti hiyo, ua wa kanisa ndiyo nyumba yao ya mwisho.

VAZI LA KANISA

Ili kufahamu miti hiyo imeponaje, yafaa tufahamu kwanza jinsi kanisa la shamba la Habasha lilivyojengwa. Mengi ni ya mviringo, na ndani yana duara tatu, moja ndani ya nyingine. Duara ya nje ni ya waimbaji, wanaosifu kwa ngoma na kayamba za chuma. Duara ya kati ni ya wale wanaopokea sakramenti. Ya ndani kabisa haiingiwi ila na mapadri na mashemasi, nayo ndiyo yenye tabot, mfano wa lile Sanduku la Agano la Nabii Musa, ambalo Waislamu pia hulijua kwa jina la tabuti. Bila ya tabot, nyumba ile ni jengo tu, si kanisa. Na waumini wanapoingia huvua viatu mlangoni, kama Waislamu wavuavyo wanapoingia msikitini.

Basi msitu ni duara ya nne. Utakatifu wa tabot haukomi ukutani, bali hutoka nje na kuifunika ardhi inayolizunguka kanisa. Desturi wanayoitaja mapadri wengi ni ya dhiraa arobaini kutoka kanisani kila upande, na aghalabu msitu huvuka mpaka huo. Humo ndani mti haukatwi kwa tamaa ya mtu. Waweza kukatwa kwa haja ya kanisa lenyewe, kama kutengeneza mlango au boriti, lakini si kwa kuuzwa sokoni wala kuchomwa jikoni. Ndege na nyani waliomo wamo katika amani ya pahali pale.

Wenyewe husema ya kwamba msitu ni mfano wa bustani aliyowekwa Adamu, na kwamba kila kiumbe kina haki ya kupata makazi karibu na nyumba ya Mungu. Msituni humo huzikwa maiti. Humo hukaa watawa waliojitenga na dunia, na wanafunzi wa chuo cha kanisa hujenga vibanda vyao vya nyasi humo, wakisoma sala kwa moyo katika lugha ya kale ya Kigiizi. Baada ya ibada, watu hukaa chini ya vivuli wakala na kunywa pamoja, na wagombanao hupatanishwa. Kwa ufupi, msitu si pambo la kanisa. Ni sehemu ya maisha ya jamii nzima.

Na ikumbukwe ya kwamba watu hao walipata sababu nyingi za kuikata miti hiyo. Baada ya Mfalme Haile Selassie kupinduliwa mwaka 1974, serikali ya kijeshi ilitwaa ardhi yote ya mashambani mnamo mwaka 1975. Kanisa, ambalo lilikuwa mmiliki mkubwa wa ardhi, lilipoteza mashamba yake na mapato yake. Kilichosalia mikononi mwake ni ua na miti yake. Kanisa lililofukarika lingeweza kuuza mbao likajipatia fedha. Makanisa mengi hayakufanya hivyo.

MASHITAKA YA MWAKA 1967

Jambo hili lina uzito zaidi tukikumbuka ya kwamba Ukristo umewahi kushitakiwa mbele ya dunia kuwa ndio uliofundisha watu kuharibu ardhi. Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika makala katika jarida la Science akidai ya kwamba Ukristo wa nchi za Magharibi ulimfundisha mwanadamu kujiona bwana wa viumbe vyote, na kwamba kila kitu kimeumbwa kwa ajili ya matumizi yake. Imani za kale, alisema, ziliogopa kukata mti ovyo kwa kuwa zilidhani una roho ndani yake. Ukristo uliiondoa hofu hiyo, na shoka likapata uhuru.

Wakristo wengi walikasirika. Lakini wenye busara walirudi kwenye kitabu chao na kukisoma upya. Walikuta ya kwamba Kitabu cha Mwanzo kina mambo mawili, si moja. Sura ya kwanza yampa mwanadamu mamlaka juu ya viumbe, na sura ya pili yasema Adamu aliwekwa bustanini ili ailime na ailinde. Mwenye kushika la kwanza akaliacha la pili hufanana na msimamizi wa shamba aliyejifanya mwenye shamba. White mwenyewe hakutaka watu waitupe dini. Alipendekeza Francis wa Assisi, yule mtawa wa Italia aliyewaita ndege ndugu zake, awe mlezi wa wanaoitunza dunia, na mwaka 1979 Papa John Paul wa Pili akamtangaza hivyo. Mwaka 1989 Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli aliiweka Septemba mosi iwe siku ya kuviombea viumbe, na mwaka 2015 Papa Francis akaandika waraka mzima juu ya kuitunza dunia, aliyoiita nyumba yetu sote.

Mashitaka ya White yana ushahidi hata humu Kenya. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1940, na akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alieleza katika kitabu cha maisha yake jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni katika mti mmoja mkubwa wa mugumo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na chemchemi. Wangari aliporudi kutoka masomoni Marekani katika miaka ya 1960, alikuta mti umekatwa na mwenye shamba mpya aliyetaka nafasi ya kupanda majani chai, na chemchemi imekauka. Aliwalaumu pia wamisionari wa zamani, ambao walifundisha ya kwamba Mungu haabudiwi chini ya mti bali kanisani, hata mugumo ukawa si chochote ila gogo la mbao.

Tutazame ajabu hii. Dini ni moja na Biblia ni moja. Huku kanisa lilipoingia, mti ulivuliwa heshima yake. Kule Habasha kanisa liliuvika mti heshima, na mti nao ukalivika kanisa. Basi lawama hazimo katika Injili yenyewe, zimo katika namna watu walivyoichukua na walichokuwa wakikitaka katika ardhi.

FAIDA YA MITI HIYO

Wapo watakaouliza, miti hiyo yafaa nini, ikiwa haikatwi? Mkulima wa Gondar anaijua faida yake. Humo msituni wamo nyuki na wadudu wanaokwenda mashambani kuchavusha mazao. Wamo ndege wanaokula wadudu waharibifu. Mvua za milimani zinaponyesha kwa nguvu, udongo wa shamba tupu huchukuliwa na maji mekundu hadi mtoni, lakini udongo wa msitu hukaa na maji huingia chini taratibu. Makanisa mengi yana chemchemi, na maji yake huhesabiwa kuwa ni matakatifu, ya kuogea mgonjwa na kunywa kwa kupoa.

Ipo humo mitarakwa mirefu, mizeituni ya mwituni yenye mbao ngumu kama chuma, na podo. Katika sehemu za juu kuna kosso, mti ambao maua yake Wahabeshi wameyanywa kwa karne nyingi kuwa dawa ya tegu tumboni. Mbegu za kurudishia misitu popote nchini, ikiwa zatakiwa za asili, zitatoka wapi kama si humo? Ua wa kanisa umekuwa ghala la nchi nzima.

WAZEE WASIO NA WATOTO

Hadi hapa mtu aweza kudhani ya kwamba mambo yote ni mema. La, hasha! Dakta Alemayehu alipoinama na kutazama chini badala ya juu, aliona jambo la kutisha. Miti mikubwa ilikuwapo, imara na mizee, lakini miche chini yake ilikuwa michache mno. Ulikuwa kama mji wenye wazee watupu, usio na mtoto hata mmoja anayecheza uwanjani. Mji wa namna hiyo, ujapokuwa mzuri leo, kesho utahamwa.

Sababu ni nini? Kubwa ni ng'ombe. Wakati wa kiangazi nje hakuna jani, na msituni kuna kivuli na majani mabichi. Ng'ombe, mbuzi na punda huingia, wakala miche na kuikanyaga. Laana ya pahali patakatifu humwogofya mtu, haimwogofyi ng'ombe. Alemayehu aliwahi kuzungushia ua vipande vidogo vya msitu ili mifugo wasiingie, akaviacha vingine wazi, kisha akalinganisha. Palipozuiwa mifugo, mbegu zilichipua zaidi, na miche iliishi na kukua vizuri zaidi. Zaidi ya hayo, uchunguzi wa udongo ulionyesha ya kwamba mbegu za miti mingi ya huko hazikai ardhini muda mrefu zikiwa hai. Kwa hivyo mti ukishatoweka pahali, udongo hauna akiba ya kuurudisha.

Sababu ya pili ni watu wenyewe, tena katika ibada yao. Waumini wameongezeka. Sensa ya mwaka 2007 ilionyesha ya kwamba Waorthodoksi ni zaidi ya watu milioni 32, asilimia 43 na ushei ya wananchi, na Waislamu karibu asilimia 34. Waumini wengi maana yake ni makaburi mengi, njia nyingi na majengo mapya, na vyote hivyo hutafuta nafasi chini ya miti.

Sababu ya tatu ni mkalitusi. Mti huo uliletwa Ethiopia zama za Mfalme Menelik wa Pili, mwishoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya kuni za mji mpya wa Addis Ababa. Hukua upesi na huleta fedha, na makanisa mengine yameupanda ndani ya ua ili yapate mapato. Hapa yafaa tuwe waadilifu. Mkalitusi umewaokolea wakulima kuni na nguzo, na pengine umeiokoa mizee ya msituni na shoka. Lakini ukipandwa ndani, hunywa maji mengi na chini yake hapaoti kitu kwa urahisi. Mti ufaao shambani huwa mgeni mbaya msituni.

Kuna jambo jingine lifaalo kutajwa. Watu wengi husimulia ya kwamba zamani nchi yote ile ilikuwa msitu mmoja, na kwamba visiwa hivi ni mabaki ya juzi tu. Watafiti walizichukua picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1938, wakati Mtaliano alipoikalia Ethiopia, wakazilinganisha na za miaka ya karibuni. Waliona ya kwamba mwaka 1938 mashamba tayari yalikuwa yameenea, na kwamba misitu mingi ya makanisa haikupungua eneo. Kilichotoweka zaidi ni vichaka na miti iliyotawanyika nje ya misitu hiyo. Maana yake ni hii: duara takatifu ililindwa, na kilichokuwa nje ya duara kiliachwa kiishe.

UKUTA WA MAWE

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Gondar ukuta umejengwa kweli. Dakta Alemayehu akishirikiana na mwanasayansi wa Marekani, Margaret Lowman, aliyetumia umri wake kuchunguza vilele vya miti, waliwaendea mapadri na kuwaonyesha picha za makanisa yao zilizopigwa kutoka angani. Mapadri walijionea jinsi visiwa vyao vilivyo vidogo na vilivyo mbali mbali. Hawakuhitaji kufundishwa ya kwamba miti ni amana, kwani hilo walikuwa wakilijua kabla ya mgeni yeyote kufika. Walichokihitaji ni njia ya kumzuia ng'ombe.

Njia iliyokubaliwa ilikuwa rahisi. Mashamba ya huko yamejaa mawe yanayokwaza plau. Wanakijiji, wake kwa waume, waliyaokota mawe hayo na kuyapanga kuwa ukuta kuuzunguka msitu, na fedha za kusaidia zikachangwa ng'ambo. Shamba likapungukiwa na mawe na msitu ukapata ulinzi, kwa kazi ile ile moja. Pengine ukuta huwekwa mbele kidogo ya miti ya mwisho, ili msitu upate nafasi ya kuenea. Na ukuta una lango, ili watu waendelee kuingia kusali, kuzika na kupumzika. Palipojengwa, miche imeanza kuonekana chini ya mizee.

Walakini ukuta unaleta swali lake. Ng'ombe aliyezuiwa langoni ni wa nani? Aghalabu ni wa mtu mwenye ng'ombe wawili tu, ambao ndio plau yake na ndio akiba yake. Akikosa malisho ya kiangazi, mwaka ujao hatalima. Na yule mama aliyekuwa akiokota vijiti vikavu pembezoni, sasa atapikia nini? Dini ikimlinda mti na kumsahau maskini, itakuwa imetimiza haki moja kwa kuvunja nyingine. Na maskini aliyesahauliwa, siku moja atakuja usiku na shoka.

Hiyo ndiyo ile nusu ya jibu tuliyoitaja mwanzo. Utakatifu wa dhiraa arobaini umeyafanya makubwa, lakini una hatari yake. Mtu aweza kuizoea dhana ya kwamba kilichomo ndani ni cha Mungu, na kilichoko nje hakina mwenyewe. Picha za mwaka 1938 na za leo zaonyesha matokeo ya dhana hiyo. Ikiwa Mkristo ameamrishwa kuilinda bustani, basi bustani haikuishia kwenye uzio wa kanisa. Mlima ulio uchi nje ya lango nao ulikuwa na vazi lake.

LANGO LA SAYYIDNA UMAR

Waislamu hawana haki ya kulitazama jambo hili kama la watu wengine. Qurani yatufundisha ya kwamba mwanadamu amewekwa khalifa katika ardhi, na khalifa ni mwakilishi, si mwenye mali. Mtume (S.A.W.) aliufanya mji wa Madina kuwa haram, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Tena aliitenga ardhi ya Naqii iwe hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa maslahi ya wote. Na imepokewa kutoka kwake ya kwamba hata mtu akikutwa na Kiyama na mkononi ana mche, na akaweza kuupanda, basi aupande.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na ukuta wa Gondar ni ule wa Sayyidna Umar bin Khattab. Alipomweka mtu kuwa mlinzi wa hima, alimuusia ya kwamba amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya matajiri kama Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Wao, alieleza, mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kutegemea. Maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kulilia msaada, na hapana budi kumsaidia. Basi hima ilikuwa na mpaka, na mpaka ulikuwa na lango, na lango lilikuwa na uadilifu. Hifadhi nyingi za siku hizi, za kidini na za serikali, zina ukuta mzuri na lango linalofunguka upande wa mwenye nguvu tu.

Dini hizi mbili zimewahi kulizungumza jambo hili katika baraza moja. Mnamo Septemba 1986, huko Assisi, mji wa yule Francis, viongozi wa dini tano walikutana kwa mwaliko wa shirika la kuhifadhi wanyama na misitu, WWF. Tamko la Kiislamu lilitolewa na Dakta Abdullah Omar Naseef, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Rabita ya Makka. Wakristo walisema mwanadamu ni msimamizi, Waislamu wakasema ni khalifa. Maneno mawili, amana moja.

Na huku Pwani mifano haiko mbali. Kisiwa cha Misali, huko Pemba, ambacho wenyeji husimulia ya kwamba kilipata jina lake kwa msala wa walii aliyesali hapo, kilitangazwa hifadhi mwaka 1998, na mafunzo ya Kiislamu yakatumiwa kuwahimiza wavuvi waache uvuvi wa baruti. Nazo kaya za Wamijikenda, misitu iliyolindwa na wazee kwa miiko kama ile ya makanisa ya Habasha, zilianza kutangazwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 baadhi yake zikatiwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Kaya Kinondo imo katika nchi ya Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu. Nazo zina adui wale wale: mifugo, wakata nguzo, na wanunuzi wa viwanja vya ufuoni.

Padri wa Gondar hakungoja sheria wala mfadhili ndipo auheshimu mti. Alianza na ua wake mwenyewe. Viwanja vya misikiti yetu vilivyotiwa saruji hadi ukutani vina kivuli gani cha kumpumzisha msafiri? Makaburi yetu, ambayo mibuyu yake iliwahi kuwa alama kwa wenye vyombo baharini, nani anapanda mche pale mbuyu unapoanguka? Na mikoko ya ghuba zetu, ambayo mvuvi na mkata boriti wote wanaitegemea, lango lake liko wapi na nani mlinzi wake?

Kamati ya msikiti yaweza kuanza Ijumaa hii. Si lazima iwe ekari mia. Miche kumi ya mwarobaini au mkwaju, ua wa kuizuia mbuzi, na mtu mmoja wa kuitia maji hadi mvua za masika. Kisha kamati ikae na kina mama wa mtaa, iulize kuni zao zinatoka wapi, na itafute na wao pahali pa kupanda miti ya kuni, ili ile mingine ipate kuzeeka kwa amani.